Kima, papa na njia ya Budha: jibu kwa mwalimu wa darasa la nne

Swali: Mimi ni mwalimu wa darasa la nne katika shule ya msingi hapa Dar es Salaam. Nimekabidhiwa klabu ya utamaduni kwa muhula mmoja, na mada ni Ubudha na utamaduni wa Asia ya Mashariki. Watoto wangu ni Waislamu na Wakristo, na Wahindu wachache. Wanachokijua ni filamu za kung fu, tamthilia za Kikorea na ile sanamu ya mtu mnene anayecheka, ambayo wote wanaiita Budha. Mzazi mmoja ameshaniuliza kama nataka kuwabadilisha watoto dini. Nianzie wapi, nifundishe nini, na mzazi huyu nimjibuje?

Jibu: Mwalimu, anza na kima na papa. Watoto wengi wa pwani wameshaisikia kwa bibi zao, na ambaye hajaisikia ataishika mara moja. Kima anakaa juu ya mkuyu uliosimama majini, kila siku anamtupia papa makuyu, urafiki unakolea. Siku moja papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na walipofika kilindini anamwambia kweli: sultani wetu ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu, mbona hukusema mapema? Sisi tukitembea huiacha mioyo yetu mitini; nirudishe nikauchukue. Anarudishwa, anapanda mtini, na urafiki unaishia hapo. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekaa Unguja, aliichapisha kwa Kiswahili mwaka 1870 kama alivyoipokea kwa wenyeji.

Kipindi kinachofuata wasimulie ile ya Kihindi. Mamba jike wa mto Ganges anatamani moyo wa nyani. Mumewe anamlaghai nyani wavuke pamoja, na nyani anapoambiwa kinachomngoja ananyoosha kidole kwenye mti wa ng'ambo, nao pia ni wa jamii ya mkuyu: mioyo yetu ndiyo ile inayoning'inia pale. Kisha ya Kikorea: Mfalme Joka wa chini ya bahari anaumwa, dawa ni ini la sungura, na anayetumwa nchi kavu kumleta sungura ni kasa. Kisha ya Kijapani, ambamo kima amerudi, na yavuyavu aliyetoa siri anachapwa mpaka mifupa inamwishia. Ndiyo sababu, wanasema huko, yavuyavu hana mfupa hata mmoja. Watoto waliozoea ufukwe wataifurahia sana hii.

Usiyapite haraka masimulizi haya. Tundika ramani ukutani, watoto wavute uzi kutoka Unguja hadi Ganges, kutoka Ganges hadi Seoul na Kyoto. Ile ya Korea peke yake ina mambo ya kujaza kipindi kizima. Kitabu cha historia cha nchi hiyo kilichokamilika mwaka 1145 kinaeleza kwamba mwaka 642 Kim Chunchu, mjumbe wa ufalme wa Silla, alifungwa katika ufalme jirani wa Goguryeo. Mtu wa huko akamsimulia habari za sungura na kasa, naye akaelewa anachoelekezwa: ahidi kuwapa wanachokitaka, mradi wakuache urudi kwenu kukichukua. Akaahidi, akaachiwa, na baadaye akawa mfalme. Leo hadithi hiyo inaimbwa katika sanaa iitwayo pansori, mwimbaji mmoja na mpiga ngoma mmoja, na onyesho kamili huchukua saa kadhaa. Upande wetu, yaelekea hadithi hii ilitoka India, ikapita Uajemi, ikaingia Kiarabu katika karne ya 8 kwa kalamu ya Ibn al-Muqaffa, aliyetafsiri visa vya Kalila na Dimna, halafu ikashuka na majahazi ya kaskazi.

Sababu ya kuchagua mlango huu ni kwamba masomo ya Asia kwa watoto wadogo huwa ni maonyesho ya maajabu: joka, vijiti vya kulia, watu wenye nguo za ajabu. Mtoto anatoka darasani akijua kwamba kuna watu wa mbali wasiofanana naye hata kidogo. Lakini ukianza na kima na papa anaingia akiwa na chake mkononi. Na hakuna mzazi atakayeogopa hadithi ambayo mama yake mwenyewe alimsimulia.

Sasa dini inaingiaje? Inaingia mwishoni mwa ile hadithi ya nyani na mamba. Wabudha wameiweka katika mkusanyo uitwao Jataka, wa visa vya maisha ya Budha kabla hajazaliwa kuwa Budha, na msimulizi anapomaliza huongeza maneno machache: nyani yule ndiye aliyekuja kuwa Budha, na mamba yule ni Devadatta, binamu yake aliyempinga. Waulize watoto nyongeza hii inataka msikilizaji aamini nini. Wataona wenyewe kwamba Wabudha wanaamini viumbe huzaliwa tena na tena, na kwamba tendo la leo lina matunda katika maisha yajayo. Hujamfundisha mtu kuamini hivyo. Umeonyesha wengine wanavyoamini, na umeonyesha mahali ambapo hadithi ya kila mtu inakuwa hadithi ya dini fulani. Kwa mtoto wa miaka tisa au kumi hilo ni somo kubwa kuliko kukariri Kweli Nne na Njia yenye Sehemu Nane, misingi ya mafundisho ya Budha. Hizo ziache kwa sekondari.

Baada ya hapo mweleze mtu mwenyewe. Siddhartha Gautama alizaliwa Lumbini, ambayo leo iko Nepal, yapata miaka 2,500 iliyopita, mwana wa mtawala. Kwa darasa la nne kisa kinachofaa kutangulia ni cha bata maji. Devadatta, yuleyule waliyemjua akiwa mamba, anamchoma mshale bata maji mweupe. Siddhartha anamwokota, anautoa mshale, anamtibu. Kila mmoja anadai ndege ni wake. Hapo simamisha hadithi, watoto wafanye baraza: wawili wajitetee, wengine wawe wazee. Wakishatoa hukumu yao ndipo uwaambie ya wazee wa hadithini: uhai ni wa anayeulinda kuliko anayetaka kuukatisha. Wapo watakaobisha kwamba mwindaji ndiye aliyetoka jasho. Waache wabishe.

Kisha yanafuata yale mambo manne ambayo, kwa masimulizi ya Kibudha, kijana huyo aliyefugwa katika raha aliyaona alipotoka nje: mzee, mgonjwa, maiti, na mtawa asiye na kitu lakini mwenye utulivu. Akiwa na miaka 29 aliondoka nyumbani kutafuta dawa ya mateso. Akiwa na 35, akiwa ameketi chini ya mti mahali panapoitwa leo Bodh Gaya, Wabudha wanasema alizinduka akauona ukweli. Mti huo nao ni wa jamii moja na mkuyu wetu. Alifundisha mpaka alipofariki akiwa na miaka 80.

Mwalimu, jiandae hapa. Siddhartha alipoondoka alimwacha mke na mtoto mchanga, Rahula, na yupo mwanafunzi atakayeuliza: alimwachaje mtoto wake? Huenda atakayeuliza ni yule anayelelewa na bibi kwa sababu baba aliondoka. Usilifunike swali kwa maneno matamu. Sema kwamba Wabudha wenyewe wamelitafakari kwa karne nyingi, kwamba masimulizi yanasema Rahula alikuja kumfuata baba yake akawa mtawa, na kwamba si lazima darasa likubaliane kama alifanya sawa. Ndivyo pia kwa kisa cha Kisa Gotami, mama aliyefiwa na mtoto akatumwa alete haradali kutoka nyumba ambayo haijawahi kufiwa, asiipate. Ni kisa kizito na kizuri, ila kwanza ujue nani darasani kwako amefiwa karibuni.

Kuhusu yule mnene anayecheka: si Siddhartha. Ni Budai, mtawa wa Kichina wa karne ya 10 ambaye masimulizi yanamweleza akizunguka na mfuko wa nguo begani, watoto wakimfuata. Wachina wengi humwona kuwa ndiye Maitreya, Budha ajaye, alivyojitokeza duniani. Japani anaitwa Hotei na yumo katika kundi la miungu saba ya bahati. Weka picha yake kando ya ile sanamu maarufu ya Siddhartha akifunga, mbavu zote zikihesabika, iliyoko katika jumba la makumbusho la Lahore, Pakistan. Waambie watoto hao ni watu wawili tofauti, waliotenganishwa na zaidi ya miaka 1,000 na milima mirefu kuliko yote duniani. Halafu uliza: dini ya huyu wa India ilifikaje China?

Hapo unapata safari ya Xuanzang. Mtawa huyu wa China aliona vitabu vya dini yake vimetafsiriwa vibaya, akaondoka mwaka 629 kwenda India kuvitafuta kwenye asili yake, akapita jangwa na theluji, akarudi mwaka 645 na maandiko 657, akatumia maisha yake yote yaliyobaki kuyatafsiri. Watoto waliomwona kwenye televisheni yule mfalme wa nyani mwenye fimbo inayorefuka watashangaa kusikia kwamba mtawa anayelindwa na nyani yule alitungwa kutokana na mtu aliyeishi kweli. Na wakati watawa kama yeye wakivuka, mambo yalibadilika njiani. Avalokiteshvara, kiumbe wa huruma ambaye Wabudha humwomba, na ambaye India alichongwa mwanamume, China akawa Guanyin, mama mwenye huruma aliyevaa nyeupe. Japani anaitwa Kannon, na katika ukumbi mmoja wa Kyoto zimepangwa sanamu zake 1,001.

Lakini ukinipa nafasi ya kukuchagulia mahali pamoja tu pa kukaa na watoto wiki mbili, nitakupeleka Nara, mji wa Japani, katika hekalu la Todaiji. Kati ya mwaka 735 na 737 ndui iliua watu wengi sana Japani. Mfalme Shomu, akitaka ulinzi kwa nchi yake, mwaka 743 aliagiza isubiwe sanamu kubwa ya shaba, nayo ikazinduliwa mwaka 752. Ina urefu wa mita 15 hivi ikiwa imeketi. Toka na watoto uwanjani, pimeni mita 15 kwa kamba, walale mmoja baada ya mwingine mpaka watimie. Humo hekaluni iko nguzo yenye tundu karibu na sakafu, ambalo husemwa linalingana na tundu la pua ya sanamu, na watoto wa Kijapani hupanga foleni kupita humo kwa tumbo. Wanasema apitaye atapata baraka. Tundu lina upana wa sentimita 30 kwa 37 hivi. Kata kipimo hicho kwenye boksi la friji, watoto wajionee ukubwa wa tundu la pua. Nje ya hekalu wamo paa wanaotembea huru, wanaokula biskuti mikononi mwa wageni. Hisabati, historia, ugonjwa, hofu ya mfalme, ufundi wa shaba, mchezo wa watoto, vyote viko mahali pamoja.

Na kabla hamjaondoka Japani, wasimulie kofia za Jizo. Jizo ni mlinzi wa watoto na wasafiri, na sanamu zake ndogo za mawe husimama kando ya njia, nyingine zikivikwa kitambaa chekundu shingoni. Mkesha wa mwaka mpya, mzee maskini amekwenda kuuza kofia za majani na hakuuza hata moja. Akirudi katika theluji anazikuta sanamu sita za Jizo zimefunikwa na theluji, anazivika kofia zake. Zimepungua moja, basi ya sita anaifunga kitambaa chake mwenyewe. Mkewe hamlaumu. Usiku wanasikia mizigo ikitupwa mlangoni: mchele, samaki, kila kitu cha sikukuu. Darasa zima litanyamaza. Jambo la kuwaonyesha ni kwamba mzee hakuomba chochote.

Lipo kosa moja ambalo ningependa uliepuke kwa nguvu zote, nalo ni kuchanganya Asia yote katika sufuria moja. Lile lango jekundu la Kijapani ni la Shinto, dini ya miungu ya huko tangu kabla ya Ubudha kufika, ingawa Wajapani wengi huenda kote kuwili bila kuona tatizo. Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China, hakuwa Mbudha. Mwaka mpya wa Kichina si sikukuu ya Kibudha. Kung fu ya Shaolin ndiyo, ilikua katika hekalu la Kibudha lililoanzishwa mkoani Henan mwaka 495. Karate ni ya kisiwa cha Okinawa na ina historia nyingine. Wakristo wako darasani watafurahi kujua kwamba katika sensa ya Korea Kusini ya mwaka 2015 Waprotestanti peke yao walikuwa asilimia 19.7 na Wabudha asilimia 15.5, na kwamba zaidi ya nusu ya watu walisema hawana dini. Waislamu wako wahadithie Zheng He, amiri jeshi wa China aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu, ambaye majahazi yake makubwa yalifika Malindi. Mwaka 1409 ilichongwa kwa safari zake jiwe lililokuja kupatikana Galle, Sri Lanka, lenye maandishi ya Kichina, Kitamil na Kiajemi: ya Kichina yanataja zawadi kwa Budha, ya Kitamil kwa mungu wa Kihindu, ya Kiajemi yanamtukuza Mwenyezi Mungu. Hakuna kitu kimoja ninachokijua kinachofaa zaidi darasa kama lako, na picha yake inapatikana kwa urahisi.

Sasa mzazi wako. Nakusihi usimwambie kwamba Ubudha si dini, kwamba ni falsafa tu ya kutulia. Husemwa sana ili kuwatuliza watu, na si kweli. Asia ya Mashariki watu wanainama mbele ya sanamu, wanachoma udi, wanawaombea marehemu wao, wanapiga kengele mara 108 usiku wa kuamkia mwaka mpya. Budha kwao si Mungu muumba, hilo ni sahihi, na watoto wakiuliza uwajibu hivyohivyo. Lakini dini ni dini. Mwambie mzazi: ndiyo, ni dini, watoto wataelezwa wanayoyaamini wenyewe, na hawatafanya ibada yoyote. Kisha utimize. Darasani pasiwe na kuinama, kuimba maandiko, kuchoma udi wala kukaa katika tafakuri. Na katika kila sentensi sema "Wabudha wanaamini", "Wajapani hufanya", hata pale inapochosha ulimi.

Suala la sanamu litawagusa hasa wazazi wa Kiislamu, na hapo historia yenyewe inakusaidia. Kwa karne kadhaa za mwanzo wachongaji wa India hawakumchonga Budha kama mtu. Walichonga nyayo zake, au gurudumu, au kiti kitupu chini ya mti, kama inavyoonekana Sanchi, huko India. Basi kazi ya mikono iwe hiyo: gurudumu lenye spoku nane, jani la mti wa Bodhi, ule alioketi chini yake Siddhartha, lenye ncha ndefu kama mkia, nyayo mbili, ua la yungiyungi. Taa za karatasi kama zinazowashwa Korea katika sikukuu ya kuzaliwa Budha nazo zinafaa, na kuandika kwa brashi na wino kunawafundisha utulivu bila kuhitaji jina la dini yoyote.

Mzazi akiwa bado na shaka, mkumbushe kwamba kisa cha mwana wa mfalme aliyeacha raha kilisomwa na Waislamu kwa Kiarabu karne nyingi zilizopita, katika kisa cha Bilawhar na Budhasaf, na kwamba kikapita kwa Wakristo kikiwa cha Barlaam na Josaphat, hata Josaphat akaingia katika orodha ya watakatifu. Wote hao walikisoma wakabaki na dini zao. Mwalike pia aje kukaa nyuma ya darasa siku yoyote bila taarifa. Na akiamua mtoto wake asishiriki, mheshimu, mpe mtoto kazi nyingine yenye hadhi, wala usimtaje mbele ya wenzake.

Mwisho, ziara. Dar es Salaam lipo hekalu la Kibudha lililoanzishwa na Wasinhala, watu wa Sri Lanka, mwanzoni mwa karne ya 20, na uani mwake umepandwa mti wa Bodhi. Nenda, ila waeleze watoto mapema kwamba hilo ni la Sri Lanka, mkono wa Ubudha wa kusini, na mengi waliyoyasoma kuhusu Guanyin na Jizo hawatayakuta humo. Ongea na watawa wiki kadhaa kabla, uwaambie umri wa watoto na kwamba wamekuja kutazama. Kila mzazi asaini ruhusa. Mabega na magoti yafunikwe, viatu viachwe nje, watoto wasinyooshe miguu kuelekea sanamu wala wasiipe mgongo ili kupiga picha. Watakapoona wengine wanainama, wao wasimame kimya au waketi, na mwenyeji aelezwe mapema kwamba ndivyo itakavyokuwa. Kila mtoto aje na swali moja aliloliandika mwenyewe, nawe uyasome yote usiku uliotangulia, usiyarekebishe isipokuwa lile lenye matusi.